Wimbo Niliomtegea Mwalimu wa Kwaya

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga nikiwa nimeshika upindo wa gauni la mtu. Mama alikuwa fundi cherehani pale Mabatini, kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumshikia kitambaa upande wa pili ili kisiburuzike chini. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Kwenye mshono ulionyooka ilikimbia, kwenye kona ikapunguza, ikasimama, sindano ikainuliwa, kisha ikaanza tena. Siku moja niligundua kwamba nikianza kuimba cherehani inapokimbia na kumalizia inapopunguza, kuna kitu kinatokea kifuani ambacho sikujua kukitaja. Nikakirudia, nikakirudia, hadi Mama akasema, "Wewe, hicho kitu chako kimenifanya niweke mkono wa kushoto kulia." Hakukasirika. Alikuwa anafumua huku anacheka.

Maneno yalikuja baadaye, kidogo kidogo. Ulikuwa wimbo wa kumwomba Mungu atembee polepole, kwa sababu anayemfuata nyuma miguu imechoka. Nilikuwa namfikiria Mama na lile pedeli lake. Nilikuwa darasa la sita, na kwa majuma kadhaa sikutaka kucheza na mtu. Nilitaka kukaa mahali peke yangu niusikie tena.

Mama ndiye aliyeshona sare za kwaya ya vijana kanisani kwetu. Ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote, vitenge vya wasichana na mashati ya wavulana, na aliipata kwa ridhaa ya mwalimu wa kwaya. Huyu mwalimu alikuwa mtu mrefu, msafi, anayenukia sabuni. Hakuwa mwenyeji wa kwetu, alitoka ng'ambo ya ziwa, na alijua kupiga kinanda kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona. Watu walimheshimu sana. Mimi nilimheshimu kupita kiasi.

Jioni moja nilimsindikiza Mama kwenda kupima wanakwaya. Alipokuwa anazungusha utepe wake viunoni mwa wasichana, mimi nilikaa karibu na kinanda nikiimba wimbo wangu chini chini. Mwalimu akageuka.

"Huo wimbo umeusikia wapi, binti?"

"Sijausikia popote, mwalimu. Ni wangu."

"Imba tena."

Niliimba. Sauti yangu tangu utotoni ina mikwaruzo, kama mtu aliyeamka na mafua, na nilijua si nzuri. Lakini alifumba macho akanisikiliza kama nilivyowahi kuota kusikilizwa. Akatafuta sauti kwenye kinanda, akazipata, akaniambia niimbe tena. Mwishoni alinituma dukani nijinunulie soda. Nilirudi nyumbani nikiruka yale mawe ya kilima chetu kama mbuzi.

Baada ya hapo ikapita miezi. Jumapili moja, baada ya mahubiri, kwaya ilisimama na sare zake mpya. Kinanda kikaanza, na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo nilijua kinachokuja. Sauti ya kwanza wakauchukua wimbo wangu, sauti ya pili wakaingia chini yake, na wanaume wakaja kwa nyuma, wazito, kama watu wanaobeba kabati. Sikujua wimbo unaweza kufanywa hivyo. Sikujua kitu nilichokitunga nimeshika upindo kinaweza kujaza jengo lile lote, hadi wanawake watu wazima watoe vitambaa wafute macho. Nililia. Ilikuwa furaha tupu, na nikisema leo kwamba mimi ni mtunzi wa nyimbo, nilifanywa mtunzi siku ile, pale kwenye benchi la watoto.

Kisha wimbo ukaisha, mwalimu akageukia waumini akiwa anajifuta jasho. Akasema wimbo huo alipewa na Mungu ndotoni, alfajiri, akaamka akauandika huku machozi yanamtoka. Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, alinitazama kisha akatazama chini haraka.

Nilimfuata mwalimu nje baada ya ibada. Wanakwaya walikuwa wamemzunguka wanampongeza. Nilisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Umependa wimbo?"

"Mwalimu, ule wimbo ni wangu. Nilikuimbia mimi."

Kama angeinama akaninong'oneza neno lolote la maana, nadhani ningemsamehe hapohapo, maana nilikuwa mtoto na nilikuwa nampenda. Badala yake alicheka, akawageukia wanakwaya wake.

"Mnasikia? Hebu msikieni hiyo sauti kwanza. Chura wa Mto Mirongo huyu! Wewe na koo hilo utatunga nini, mwanangu?"

Wakacheka wote. Kuanzia siku hiyo watoto wa Mabatini waliniita Chura, na wapo watu wazima wanaoniita hivyo hadi leo wakidhani ni jina la utani la mapenzi.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama twende kwa mchungaji. Mama alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. "Najua ni wako," alisema. "Mimi ndiye niliyeusikia wa kwanza. Lakini zile sare ndizo tunazokula. Nyamaza, mwanangu." Nikanyamaza. Simlaumu Mama. Lawama zangu zote nilizipeleka kwa mtu mmoja, na nilimwekea nyingi.

Likizo ya katikati ya mwaka nilipelekwa Kisesa kwa bibi yangu, mama yake Mama. Ulikuwa wakati wa kukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juani kupata michembe, kwa hiyo tulikaa uani kutwa nzima, kisu mkononi. Bibi alikuwa mwembamba, mkali, mdomo umejaa ugoro, na Kiswahili chake hakikuwa na herufi ya R hata moja. Alipokuwa msichana aliongoza nyimbo upande wa wanawake katika kundi la ngoma. Kule kwetu baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja likijaribu kuvuta watu kutoka kwa jingine. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Na katika kuvutana huko hutungiana nyimbo, na nyimbo nyingine ni za kumvua mtu nguo hadharani.

Nilimweleza Bibi habari ya mwalimu. Nilitarajia aniambie nimwachie Mungu, kama watu wote. Bibi alitema ugoro wake pembeni.

"Amekuchukulia wimbo, halafu akakucheka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbele za watu?"

"Mbele za kwaya nzima."

"Basi na yeye achekwe mbele za watu," alisema, akachukua kiazi kingine. "Halaka ya nini? Wewe ngoja tu."

Ndipo akaniimbia, kwa sauti ya chini, wimbo mmoja wa zamani. Uliimbwa kwa kiongozi wa ngoma aliyekwenda kutembelea kundi la wenzake, akalala huko, akaondoka na fimbo ya kuchezea ya mwenyeji wake. Msimu uliofuata akaingia nayo uwanjani akiinyanyua kama yake. Maneno yake kwa Kiswahili ni kama hivi: mnyang'anyeni fimbo, si yake, alilala kwa watu, akaamka nayo. Walimwimbia hadi akahama na kaya yake yote. Bibi alisema kila mtu wa umri wake, kuanzia Kisesa hadi Magu mjini, anaujua. "Hata ukiupiga mluzi bila maneno," alisema, "wazee watakuuliza nani mwizi."

Niliacha kukata viazi. Nilimwomba aurudie. Akaurudia. Mwendo wake ulikuwa mfupi, wa kuchezwa, unaopanda mara tatu kama mtu anayepanda ngazi na kushuka ghafla kama aliyesukumwa. Nikajiuliza, je, nikiupunguza kasi? Je, nikiuvalisha maneno ya kanisani, kama Mama anavyokata gauni la zamani na kutoa sketi mpya?

Likizo iliyobaki yote niliifanyia kazi hiyo. Hapo ndipo nilipojifunza kutunga hasa, maana wa kwanza ulikuja wenyewe, huu nilipaswa kuujenga. Maneno yaligoma. Nikitia "Bwana" pale sauti inapopanda, inasikika kama kelele ya sokoni. Nikirefusha mwisho, ule uovu wa zamani unapotea, na nilitaka ubaki pale chini umelala. Kuna asubuhi nzima nilisahau kabisa kwamba nina hasira, nikawa nasumbuliwa na neno moja tu. Kisha neno linapatikana, na hasira inarudi, nzuri, ya moto, kama chai. Bibi alikuwa akinisikiliza na kukosoa. "Hapo umeficha sana. Hawatautambua." Au: "Hapo unaonekana. Funika." Nilipomaliza ulikuwa wimbo wa shukrani kwa mavuno, wa taratibu, wenye heshima zote. Bibi aliuimba hadi mwisho kisha akacheka hadi akapaliwa na ugoro.

Niliporudi Mabatini sikumwambia Mama kitu. Nilianza kukaa kwenye ngazi za kanisa siku za mazoezi, nikiuimba pale pale ambapo mwalimu hupita na mkoba wake. Siku za mwanzo alinipita. Baadaye alipunguza mwendo. Kisha jioni moja alisimama.

"Bado umenikasirikia, binti?"

"Hapana, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni mtoto mwema. Hebu ingia ndani. Imba hicho ulichokuwa unaimba."

Nikaimba na koo langu la chura. Akafumba macho vilevile kama mara ya kwanza, na hilo lilinikera zaidi ya lolote, kwamba alikuwa akinisikiliza kweli. Alikuwa na sikio. Alijua kilicho kizuri. Aliniomba nirudie mistari miwili ya mwisho, nikairudia polepole, nikahakikisha amepata kila sauti. Safari hii hakunipa soda.

Kwaya ilianza kuufanyia mazoezi. Wengi wa wale vijana walizaliwa mjini, ngoma waliiona kwenye sherehe za shule tu, na wengine walikuwa Wajita, Wakerewe, Waluo. Hakuna aliyeshtuka, isipokuwa mmoja. Kulikuwa na kaka wa sauti ya nne, mtu wa upande wa Magu, ambaye siku ya kwanza ya mazoezi aliinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa. Mimi nilikuwa mlangoni na furushi la vitenge vya Mama. Alinitazama, akamtazama mwalimu, akanitazama tena. Kisha akainamisha kichwa akaendelea kuimba, na safari hii aliimba kwa nguvu zaidi. Sikuwahi kumuuliza ana kisa gani na mwalimu. Wengi walikuwa nacho.

Sikukuu ya mavuno mwaka ule kwaya yetu ilialikwa Kisesa. Nilienda na Mama, aliyekuwa amebeba sindano na uzi kwa ajili ya vifungo vitakavyokatika. Kanisa lilijaa hadi nje. Mbele kulikuwa na magunia ya mpunga na mahindi, kuku waliofungwa miguu, na ngoma mbili zilizotumika kusindikiza matoleo. Bibi alikuwa amekaa benchi la mbele la wanawake wazee, amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Hakunitazama hata mara moja.

Mwalimu alisimama. Alisema wimbo anaouleta leo ni mpya, alipewa akiwa kwenye maombi ya kufunga, na kwamba ulimjia wote mara moja, maneno na sauti. Akainua mikono.

Ubeti wa kwanza watu walisikiliza kimya. Niliona mama mmoja mzee akigeuza sikio upande wa kwaya, kisha akamgusa mwenzake goti. Wazee wanaume waliokaa kando ya ukuta wakaanza kutazamana. Sauti ilipopanda mara tatu na kushuka ghafla, mmoja wao alipiga fimbo yake sakafuni, na mwingine akasema kwa sauti, "Ee!" Ubeti wa pili ulipoanza, kutoka benchi la mbele, mtu alianza kuuimba pamoja nao kwa Kisukuma. Hakuwa Bibi. Hadi leo nafurahi kwamba hakuwa yeye. Alikuwa bibi mwingine kabisa, nisiyemjua, na alikuwa anaimba maneno ya zamani: mnyang'anyeni fimbo, si yake.

Mwenzake akaitikia. Benchi zima likaitikia. Mtu akazifikia zile ngoma mbili na wimbo ukarudi kwenye kasi yake halisi, kwaya ikawa inakimbizwa. Mwalimu, masikini, hapana, sitasema masikini. Mwalimu alidhani amewagusa mioyo. Aligeuka akawapa kwaya mgongo, akafungua mikono yake mirefu kuwakaribisha waumini wote waimbe. Na wakaimba! Wazee walisimama wakimnyooshea fimbo, wanawake wanapiga vigelegele, na kaka wa sauti ya nne alikuwa ameacha maneno ya kanisani, anaimba ya kwao waziwazi. Mwalimu alitabasamu. Alikuwa na furaha usoni ambayo naikumbuka vizuri, kwa sababu niliiona ikitoka.

Ilitoka pale watu walipoanza kucheka. Kicheko kilianzia nje kwa waliokuwa wamesimama madirishani, kikaingia ndani. Mikono yake ikashuka. Katekista wa pale, mzee wa makamo mwenye sauti ya upole, alisubiri watu watulie kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Mwalimu, huu wimbo umeutoa wapi?"

"Nimepewa kwenye maombi."

Watu wakaangua tena.

"Mwalimu, huu ni wimbo wa mwizi. Sisi tuliimbiwa na wazazi wetu. Huimbiwa mtu aliyechukua kitu cha wenzake akasema ni chake."

Mwalimu aliangaza macho huku na huku. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, na nilihakikisha naonekana. Akaniona. Nikamtazama bila kupepesa. Alinyoosha kidole.

"Ni yule! Yule mtoto ndiye aliyenipa! Mimi sijautunga, ni wake!"

Katekista akasema taratibu, "Kumbe hutungi, mwalimu. Unapewa na watoto." Na mmoja wa wasichana wetu wa sauti ya pili, aliyekuwa amenicheka siku ile ya chura, akasema kwa sauti iliyosikika, "Basi hata ule wa kutembea polepole ulikuwa wake."

Sijawahi kula chakula kitamu kama wali wa siku ile. Bibi alinipakulia yeye mwenyewe, nyama juu.

Mama hakuongea nami hadi tulipofika nyumbani. Alivua viatu, akakaa, akauliza, "Umeridhika?" Nikamjibu ndiyo. Kwaya haikumpa tena kazi ya sare. Alishona mapazia na mashuka mwaka mzima, mgongo ukamuuma, na hakuwahi kunitajia kwamba ni kwa sababu yangu. Ile gharama nailaza kwenye hesabu ya mwalimu, si yangu.

Maana sikuishia Kisesa. Niliwafundisha watoto wote wa mtaa wetu kuupiga mluzi ule mwendo. Mwalimu akitoka kununua mkate, mluzi. Akipanda kilima kwenda kanisani, mluzi, kutoka juu ya mawe, kutoka uchochoroni, kutoka kwa mtu asiyeonekana. Wengine hawakujua hata maana yake. Aliacha kupita barabara ya chini, akawa anazungukia nyuma ya maduka. Nikawafundisha na watoto wa huko.

Siku moja tulikutana uso kwa uso karibu na bomba la maji. Alikuwa amekonda. Aliweka chini mfuko wake, akasema kwa sauti ya kawaida, bila madaha:

"Mwanangu, inatosha. Nakuomba."

"Waambie watu kanisani kwamba ule wimbo wa kwanza ni wangu. Jumapili. Mbele."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, na nilingoja. Kisha akatikisa kichwa. "Wimbo ule ndio wanaonijua nao," alisema. "Nikiutoa huo nabaki na nini?"

Nikakunja midomo, nikapiga mluzi, wote, tangu mwanzo hadi mwisho, nikimtazama. Aliokota mfuko wake akaondoka. Kabla ya Krismasi tukasikia amehama. Jirani yetu mmoja alimwona kwenye kivuko cha Kigongo akielekea Busisi, kinanda amekizungushia blanketi.

Sasa natunga kwa kazi. Nawatungia waimbaji wa injili, wa bongo fleva, wa matangazo ya redio, na sauti yangu ya mikwaruzo haimzuii mtu kulipia maneno yangu. Ule wimbo wa kutembea polepole bado unaimbwa kwenye harusi na misiba pande zote za ziwa, na ukiuliza nani mtunzi, wanamtaja yeye. Nimesahihisha watu wengi. Wanatikisa kichwa kwa heshima, na mwakani wanamtaja tena.

Mwaka jana alifariki. Mwenyekiti wa kwaya ya sasa, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, alinipigia simu na kuniambia kwamba wanaandaa ibada ya kumkumbuka mwanzilishi wao. Waliambiwa mimi ni mtunzi niliyekulia kanisani pale. Ningewatungia wimbo wa maombolezo?

Mama alikuwa amekaa karibu yangu, amezeeka, masikio bado mazima. Alisikia yote. "Watungie, mwanangu," alisema. "Mtu ameshakufa."

"Siwatungii," nikamwambia kijana kwenye simu.

"Dada, hata beti mbili tu?"

"Hata mstari mmoja."

Nikakata simu. Mama aliguna, akageukia dirisha. Mimi nilikuwa na kazi ya binti mmoja wa Nyegezi aliyetaka wimbo wa mapenzi, na kiitikio kilikuwa hakijakaa sawa. Nikarudi kukitafuta.